Moyo si mgomba: miaka 25 ya ahadi ya seli shina

Mtu wa Nyamiaga hahitaji kwenda Mlimani kusomea bailojia ndipo aelewe seli shina ni kitu gani. Autazame tu mgomba ulioko nyuma ya nyumba. Mgomba ukishazaa mkungu wake mmoja, basi, kazi imekwisha, unakatwa. Lakini shamba halifi. Pale chini shinani kuna machipukizi, na chipukizi moja likiachwa likue, mkungu mwingine unakuja. Ngara, Biharamulo na Bukoba kuna mashamba ambayo mjukuu anakula kwenye shina alilopanda babu.

Kwa wadau wa mjini ambao Ngara mnaijua kwa Daraja la Rusumo na kambi ya Benaco ya mwaka 1994 tu: Nyamiaga iko huko huko, jirani na Ngara mjini, kwenye ile kona ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi. Nimeichagua makusudi. Habari za sayansi kubwa huwa tunazisoma tukiwa tumekaa Dar au Nairobi, tukidhani zinawahusu watu wa Boston na Tokyo peke yao. Kumbe maneno husafiri. Neno seli shina limeshafika vijijini, limebebwa na video za kwenye simu na wauzaji wa vipakiti vya unga, na huko linakutana na familia yenye mgonjwa wa moyo na ng'ombe wawili wa kuuza.

Basi swali la leo ni hili: je, seli shina zinatibu moyo? Tupitie historia yake, maana ndani ya historia hiyo ndimo jibu lilimo.

Tuanze na lile lililothibitika. Ndani ya mifupa yetu mna uloto, ule ute laini ambao watoto hugombania kuufyonza kwenye mfupa wa ng'ombe. Uloto ndio shamba la migomba la mwili. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi kisha inakufa, na nyingine zinachipuka kutoka kwenye seli shina za uloto, mchana na usiku, maisha yako yote. Mwaka 1961 wanasayansi wawili wa Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch, walichapisha ushahidi wao wa kwanza, waliotumia panya, kwamba ndani ya uloto zimo seli zenye uwezo huo wa kuzaa seli nyingine za damu.

Huku nyuma, Mmarekani E. Donnall Thomas alikuwa ameshaanza, mwaka 1957, kuwapa wagonjwa uloto wa watu wengine. Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa. Hakuitisha waandishi wa habari kutangaza muujiza. Alirudi maabara, na yeye na wenzake wakahangaika zaidi ya miaka kumi kabla matibabu hayo hayajaanza kuaminika. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1990. Kumbukeni mwendo huo wa kobe, tutaurudia.

Sasa tuje kwenye moyo. Moyo si mgomba. Mshipa unaoulisha ukiziba ghafla, misuli iliyo mbele ya pale palipoziba inakosa damu, na katika mshtuko mkubwa wa moyo seli zinazokufa zinaweza kufika bilioni moja. Pale zilipokufa pananota kovu. Kovu halidundi. Moyo uliobaki unafanya kazi ya wawili, unatanuka, unachoka, na mgonjwa anaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda hata kilima kidogo. Na Ngara, jamani, ni vilima vitupu.

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba seli za misuli ya moyo ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo. Mwaka 2009 timu ya Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, ilipima jambo hili kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewani aina fulani ya kaboni, nasi sote tukaila kwenye chakula. Kaboni hiyo iko kwenye seli zetu kama mhuri wa tarehe. Walipousoma mhuri huo wakakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na akifika miaka 75 kiasi hicho kimeshuka hadi chini ya nusu ya asilimia. Kwa hiyo vitabu vilikosea kidogo, lakini kidogo kweli kweli. Kasi hiyo haizibi kovu la mshtuko wa moyo.

Lakini kabla ya hesabu hiyo ya mwaka 2009, dunia ilikuwa imeshaanza kushangilia jambo jingine. Aprili 2001 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Donald Orlic, Piero Anversa na wenzao. Walichukua seli za uloto wa panya, wakazichoma kando ya sehemu ya moyo iliyokufa, na baada ya siku 9 tu wakasema misuli mipya imejaza asilimia 68 ya sehemu ile. Siku tisa! Yaani chipukizi la mgomba lingekuwa halijajua hata jua linachomozea wapi.

Mwaka huo huo, huko Düsseldorf, Ujerumani, daktari Bodo-Eckehard Strauer alimpa mgonjwa aliyepata mshtuko wa moyo seli za uloto wake mwenyewe kupitia mshipa wa moyo. Angalieni kasi: habari ya panya na matibabu ya binadamu, mwaka mmoja. Thomas na uloto wake walikuwa wametembea kwa miguu, hawa wamepanda ndege.

Katika miaka iliyofuata hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliingia mchezoni. Mantiki ilikuwa tamu: seli ni za mgonjwa mwenyewe, mwili hauzikatai, hakuna ugomvi wa viinitete uliokuwa ukiwasumbua wanasiasa wa Marekani tangu seli shina za kiinitete cha binadamu zilipooteshwa maabara mwaka 1998. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kimoja. Kilichokosekana ni uhakika kwamba jambo lenyewe ni la kweli.

Dalili mbaya zilionekana mapema. Mwaka 2004 Nature hiyo hiyo ilichapisha kazi za maabara mbili tofauti za Marekani zilizorudia jaribio la panya. Zote mbili hazikuona seli za uloto zikigeuka kuwa misuli ya moyo. Zilibaki kuwa seli za damu, kama chipukizi la mgomba lisivyoweza kutoa mbuni wa kahawa hata ukilipanda katikati ya shamba la kahawa.

Kwa binadamu nako mambo yakawa vuguvugu. Hannover, Ujerumani, wagonjwa 60 waligawanywa makundi mawili. Baada ya miezi 6 waliopewa seli walionekana mioyo yao inasukuma damu vizuri zaidi. Baada ya miezi 18 tofauti hiyo haikuwa tena ya kutegemewa. Septemba 2006 jarida moja la Marekani, katika toleo moja, lilichapisha jaribio la Frankfurt lenye wagonjwa 204 lililoona nafuu ndogo, na jaribio la Oslo lenye wagonjwa 100 ambalo halikuona nafuu yoyote. Msomaji alichagua la kushangilia kulingana na alivyoamka.

Huku Anversa akawa amekuja na dai kubwa zaidi: kwamba moyo wenyewe una seli shina zake, zinazotambulika kwa alama iitwayo c-kit. Mwaka 2007 alihamia Boston, kwenye hospitali ya Brigham and Women's inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2011 jarida la Lancet likachapisha jaribio lililotumia seli hizo, safari hii kwa wagonjwa, 16 wakiwa wamepewa seli na matokeo yakiwa ya kung'aa. Sasa fikiria wewe ni mwandishi wa habari kijana umekaa mbele ya kompyuta. Harvard wamesema, Lancet wamechapisha. Utakataa?

Mwaka 2014 ndipo gogo lilipopinduliwa tukaona yaliyokuwa chini. Timu ya watafiti wa London ilikaa ikasoma upya ripoti za majaribio 49 ya seli za uloto kwa wagonjwa wa moyo, ikitafuta mambo yasiyowezekana: majumlisho yasiyojumlishika, wagonjwa waliohesabiwa mara mbili, asilimia ambazo haziwezi kutoka kwenye idadi ile ya watu. Walikuta kasoro zaidi ya 600. Kisha wakafanya jambo rahisi ambalo mimi binafsi naliona ni moja ya kazi safi kabisa za karne hii. Wakayapanga majaribio kwa idadi ya kasoro. Yale yaliyokuwa na kasoro zaidi ya 30 yalionyesha moyo umepata nafuu kubwa, kama asilimia 7.7 kwa kipimo cha damu inayosukumwa. Yale ambayo hayakuwa na kasoro hata moja yalionyesha nafuu sifuri. Hesabu zilivyozidi kuwa mbovu, ndivyo moyo ulivyozidi kupona.

Mwaka huo huo Nature ilichapisha utafiti wa panya ulioonyesha kwamba seli za c-kit za moyo karibu hazizai misuli ya moyo kabisa. Mwaka 2017 hospitali ya Brigham ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 10 kumaliza madai kwamba fedha za utafiti ziliombwa kwa kutumia takwimu za uongo kutoka maabara ya Anversa. Oktoba 2018 Harvard na Brigham wakatangaza kwamba makala 31 kutoka maabara hiyo yafutwe. Anversa mwenyewe alikana kughushi. Mwaka 2019 Lancet ikaifuta makala ile ya 2011.

Je, kuna aliyejaribu kumaliza ubishi kwa jaribio kubwa na la haki? Ndiyo. Umoja wa Ulaya ulifadhili jaribio lililopangwa kuwa na wagonjwa 3,000 wa mshtuko wa moyo, kuona kama seli za uloto zinapunguza vifo. Matokeo yalipotolewa mwaka 2020, wagonjwa waliopatikana walikuwa 375, na vifo vilikuwa vichache mno pande zote mbili kiasi kwamba halikuweza kuamua chochote. Mnaona kejeli? Dawa za kawaida na kuzibua mishipa mapema vilikuwa vimeshafanya kazi, wakati seli shina bado zinatafuta wa kumwokoa.

Sitaki mseme nimeizika sayansi nzima. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwa panya kwamba seli ya kawaida ya mwilini inaweza kurudishwa utotoni ikawa kama seli ya kiinitete. Akapata Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon. Kutokana na seli za namna hiyo sasa inawezekana kuotesha misuli halisi ya moyo, inayodunda, kwenye sahani ya maabara. Januari 2020 timu ya Osaka, Japani, ilimbandika mgonjwa vipande vya misuli hiyo kwenye moyo. Januari 2025 timu ya Göttingen, Ujerumani, ilieleza habari za mwanamke wa miaka 46 aliyewekewa kiraka kama hicho. Miezi mitatu baadaye alipopata moyo wa kupandikizwa, madaktari waliuchunguza ule wa zamani wakakuta kiraka kiko hai. Hiyo ni habari njema. Lakini kiraka kuwa hai ni jambo moja, na mgonjwa kuishi miaka zaidi ni jambo jingine. La pili linahitaji makundi ya kulinganisha, wagonjwa wengi na miaka.

Wafanyabiashara hawana miaka hiyo. Mwishoni mwa 2005 mwimbaji maarufu wa Hawaii, Don Ho, alikwenda Thailand kutibiwa moyo kwa seli shina zilizotokana na damu yake. Alirudi akasema anajisikia vizuri. Alifariki Aprili 2007. Je, seli zilimwongezea miezi, zilimpunguzia, au hazikufanya lolote? Hakuna anayejua, wala hatajua, maana mtu mmoja hana wa kulinganishwa naye. Ndiyo kasoro ya kila ushuhuda. Sisi Watanzania somo hili tulilisoma mwaka 2011 kwenye foleni za magari ya Samunge, Loliondo, kila mtu akiwa na jirani aliyepona.

Sasa turudi kwetu. Kitu ambacho wauzaji hawakisemi, na pengine hawakijui, ni kwamba karibu majaribio yote niliyoyataja yalikuwa ya mioyo iliyoharibiwa na mishipa kuziba, au iliyochoka kwa sababu nyinginezo na kushindwa kusukuma damu. Mtoto au kijana wa Kanda ya Ziwa anayekosa pumzi mara nyingi ana ugonjwa mwingine kabisa.

Mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies wa Mulago, Kampala, alianza kueleza ugonjwa ambao unafunika kuta za ndani za moyo kwa kovu mpaka moyo unashindwa kutanuka. Zama hizo vijana wa Ngara, Rwanda na Burundi walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda Buganda kutafuta kazi kwenye pamba na kahawa, na madaktari wa Mulago waliona ugonjwa huu ukiwashika zaidi wahamiaji waliotoka Rwanda na Burundi. Chanzo chake hakijafahamika vizuri mpaka leo.

Halafu upo ule ulioenea zaidi, wa homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria wa streptokoka. Koo linapona. Lakini kinga ya mwili, ikiwa imeshachokozwa, inageukia vali za moyo, vile vijimlango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Kila homa ikijirudia, vali inazidi kuwa ngumu au kuvuja. Ukimchoma mtoto huyu seli shina za Boston, Bangkok au za mbinguni, vali yake itabaki vilevile. Kilichoharibika ni mlango. Wewe unaleta udongo wa kukandika ukuta.

Dawa ya kuzuia ipo, ni ya zamani kuliko wazazi wa wengi wenu: sindano ya penisilini ya muda mrefu. Na hapa ndipo historia ya moyo ya Afrika Mashariki inapoipiku ile ya Boston kwa uaminifu. Kaskazini mwa Uganda, Gulu, watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao wa nje walipima kwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, watoto zaidi ya 100,000. Wakapata 818 wa miaka 5 hadi 17 wenye dalili za mwanzo zilizojificha. Wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu sindano kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu bila sindano, wote wakifuatiliwa. Matokeo yalitoka Novemba 2021. Kwenye kundi la sindano ugonjwa uliendelea kwa watoto 3. Kwenye kundi la pili, 33. Hakuna aliyehitaji kuyasoma majaribio 49 ili ajue kama inafanya kazi.

Na huduma za kweli zimekuwa zikisogea, taratibu, kama kobe wa Thomas. Zamani Mtanzania aliyehitaji kufunguliwa moyo alisubiri kibali na tiketi ya kwenda nje, hasa India. Upasuaji wa moyo Muhimbili ulianza mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mgonjwa wa Ngara anayepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, alikuwa akipita Nyakanazi, Geita na Sengerema kisha anasubiri kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 anapita juu ya daraja.

Hata seli shina zenyewe zimeshafika Tanzania, tena kwa mlango wa halali. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wenye siko seli, ugonjwa ulioenea sana huku Kanda ya Ziwa. Hiyo ni kazi ya uloto kwa damu, ile ambayo mashamba yake yalilimwa tangu 1957. Kwa hiyo mtu akikuambia seli shina ni utapeli mtupu, mkatalie. Akikuambia zinatibu kila kitu, mkatalie mara mbili.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anataka kuuza ng'ombe kwa ajili ya tiba ya namna hii, msimcheke. Anampenda mgonjwa wake. Muulizeni muuzaji maswali matatu. Wangapi walipewa? Wangapi hawakupewa ili walinganishwe? Baada ya miaka miwili wangapi walikuwa hai upande huu na upande ule? Akianza kuwaonyesha video ya mama aliyekuwa haamki na sasa anacheza ngoma, rudisheni ng'ombe zizini.

Na mtoto akilalamika koo pamoja na homa, apelekwe zahanati, msingoje lipoe lenyewe. Akiwa ameshaambiwa ana homa ya rumatiki, tarehe ya sindano iandikwe ukutani, na nauli ya siku hiyo itengwe mapema kabla ya sukari na vocha. Kwa moyo wa mtoto wa Nyamiaga, nauli hiyo ndiyo tiba yenye ushahidi.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Tuendeleze libeneke.